Nunua Ua kwa Lita, Si kwa Bei ya Mche

Kwenye vitalu vya kando ya barabara ya Magadi, kutoka Rongai kuelekea Kiserian, na vile vya barabara ya Namanga pale Kitengela, mteja huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Hii ni pesa ngapi?" Muuzaji hutaja bei, mteja huomba apunguziwe, wakaelewana, mche ukaingia kwenye buti la gari au ukapakatwa kwenye bodaboda. Kisha muuzaji huongeza neno la kumtoa mteja wasiwasi: "Hii haisumbui, mama. Ni maji tu."

Hayo maji ndiyo gharama yenyewe. Katika nyumba nyingi za Rongai, Tuala, Noonkopir na Isinya, mfereji hautoi maji kila siku. Maji huletwa na bauza au mkokoteni wa mitungi, au huchotwa kwenye kisima chenye maji ya chumvi. Mwaridi wa shilingi 200 unaweza kunywa maji ya zaidi ya shilingi 1,000 kabla haujatimiza miaka 3, ilhali bogenvilia iliyokugharimu mara mbili ya hapo, ikishashika mizizi, hairudi kukuomba kitu kikubwa. Ndiyo maana nasema ua linunuliwe kwa lita. Hapa nalinganisha maua ya kudumu, yaani yale yasiyohitaji kupandwa upya kila msimu, kwa mambo manne: bei ya mche, udongo unaotakiwa, maji ya kiangazi na kazi ya mikono.

Tunapanda wapi hasa?

Kaunti ya Kajiado si mahali pamoja. Upande wa Ngong hupata mvua inayokaribia milimita 1,250 kwa mwaka, na bonde la Amboseli hupata kama 300. Rongai na Kitengela ziko katikati, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, ambako jua la Januari na Februari huchoma hata kama upepo ni baridi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili: ya masika kuanzia Machi hadi Mei, na ya vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya misimu hiyo, bustani hutegemea mfuko wa mwenyewe.

Tofauti kubwa kati ya miji hii miwili iko chini ya miguu. Sehemu nyingi za Rongai zina udongo mfupi juu ya mwamba, nao hupitisha maji haraka. Kitengela na tambarare zinazoelekea Isinya zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao fundi wa nyumba huuzoa wote na kumwaga mawe na murram kabla ya kuweka msingi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka hadi mkono unaingia kwenye ufa, na mizizi myembamba hukatika. Mvua ikinyesha hufura, huziba, na maji husimama juu yake kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo mmea wa Kitengela hupata mitihani miwili. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwanzo wa 2023, misimu mitano mfululizo haikuleta mvua ya kutosha, na wafugaji wa Kajiado walipoteza mifugo mingi. Haukupita muda mrefu, Aprili na Mei 2024, mafuriko yakaingia Athi River na Kitengela na watu wakaokolewa majumbani mwao. Ua linalostahimili ukame likaoza mizizi mwezi wa Aprili halikufai. Watu wengi hulaumu jua kwa mimea iliyouawa na maji yaliyotuama, kisha wakaenda kununua mmea uleule tena.

Hesabu ya miaka mitatu

Hesabu ya maji ya bustani ni rahisi: milimita 1 ya maji juu ya mita mraba 1 ni lita 1 kamili. Chukua tuta la mita 5 kwa 2, yaani mita mraba 10. Tuseme mwaka una siku 150 za kumwagilia. Tuseme pia mtungi wa lita 20 unauzwa shilingi 20, ili kila lita iwe shilingi moja. Bei hizi na za miche zinazofuata ni za mfano. Weka za mtaa wako, njia ya kukokotoa haibadiliki. Mwenye tangi kubwa anayenunua kwa bauza atalipa kidogo kwa kila lita, lakini mpangilio wa nani ghali na nani nafuu utabaki ulivyo.

Tuta la kwanza ni la petunia, maua ya msimu ambayo vitalu huuza yakiwa yamechanua tayari. Kwa nafasi ya sentimita 30, unahitaji miche kama 110. Kwa shilingi 20 kila mmoja, ukipanda mara mbili kwa mwaka, ni 4,400 kwa mwaka na 13,200 kwa miaka mitatu. Maji ni milimita 4 kila siku ya kiangazi, yaani mitungi miwili, jumla lita 6,000 kwa mwaka na shilingi 18,000 kwa miaka mitatu. Ongeza 3,000 za samadi, mchanga na murram ya kuinua tuta. Jumla: shilingi 34,200.

Tuta la pili ni la waridi. Miche 12 kwa shilingi 200 ni 2,400. Maji ni milimita 25 kwa wiki, lita 250 kila mara kwa wiki 21, yaani shilingi 5,250 kwa mwaka na 15,750 kwa miaka mitatu. Mbolea na dawa za madoa meusi na utitiri tuziwekee 1,500 kwa mwaka, yaani 4,500. Ukiongeza udongo wa 3,000, jumla ni 25,650. Angalia jambo moja hapa: ile bei ya miche uliyohangaika kuomba ipunguzwe haifiki hata sehemu moja kwa kumi ya gharama yote.

Tuta la tatu ni mchanganyiko wa maua ya kudumu yanayovumilia jua: gazania 30 kwa shilingi 50, plumbago 4 kwa 150, na mishubiri 6 kwa 200. Jumla ya miche ni 3,300, na udongo ni 3,000. Mwaka wa kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, lita 100 kila mara, jumla lita 2,100. Mwaka wa pili na wa tatu mwagilia kila baada ya wiki mbili, kama lita 1,100 kwa mwaka. Maji yote ya miaka mitatu ni shilingi 4,300. Jumla kuu: shilingi 10,600.

Kati ya tuta la kwanza na la tatu pana tofauti ya shilingi 23,600, na hapo hatujahesabu jioni za kubeba mitungi. Na siku moja bauza lisipofika, tuta la tatu litakusubiri.

Ya ukutani na ya kuzungushia

Kwa ukuta unaopigwa na jua siku nzima, chaguo langu la kwanza ni bogenvilia. Ikishakaa mwaka mmoja, huvumilia kiangazi, hustahimili maji ya kisima yenye chumvi kuliko maua mengi, na huchanua vizuri zaidi ikibanwa kiu kidogo. Ukiimwagilia kila siku na kuishindilia samadi, utapata majani ya kijani yanayopanda ukuta bila rangi. Gharama yake iko kwenye mikono: ina miiba, hukua kwa nguvu, na lazima ikatwe kila baada ya kuchanua kwa kuwa maua hutokea kwenye matawi mapya. Usiipande kwenye njia ya watoto wala karibu na mahali pa kuegesha pikipiki.

Plumbago ya samawati ndiyo ninayomshauri asiyetaka miiba. Hutoka Afrika Kusini, haihitaji mti wa kuegemea, hukatwa ikawa ukuta wa kijani au ikaachwa imwagike juu ya mawe. Maji yake ni kidogo kupita ya waridi ingawa huzidi ya bogenvilia. Kichaka chenye maua ya rangi ya machungwa kinachoitwa tekoma, nacho cha Afrika Kusini, hufanya kazi hiyohiyo na huwavuta ndege aina ya chozi.

Waridi najua wengi mnalipenda. Na kila anayepita Isinya na Kitengela huona mashamba makubwa yanayokuza waridi za kuuza ng'ambo, akafikiri kwamba basi udongo huu unalipenda pia. Waridi zile hukaa chini ya mahema ya plastiki, hupewa maji kwa matone yaliyopimwa na mbolea iliyopimwa, na hupigwa dawa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Ukilitaka, panda miche miwili karibu na mlango, ambako utaweza kuitunza, na umwagilie maji ya mvua kila yakipatikana. Chumvi ya kisima hulichosha haraka.

Ya tutani

Gazania ndiyo inayolipa haraka zaidi. Hutambaa chini, majani yake mengi ni meupe kwa upande wa chini, na maua yake ya njano, machungwa na kahawia hufunguka jua likiwaka na kufunga jioni. Chumvi huivumilia. Baada ya mwaka au miwili shina hujaa; unalichimbua, unaligawa vipande vyenye mizizi, na miche 30 inakuwa 60 bila shilingi nyingine. Kinachoishinda ni kivuli na maji yanayotuama.

Vinka, ile ya waridi na nyeupe yenye petali tano, hutoka Madagascar na hucheka na joto. Mmea huu ndio uliowapa madaktari dawa za vinkristini na vinblastini zinazotibu aina kadhaa za saratani. Pale Rongai penye mawe ninaipendekeza bila wasiwasi. Kitengela huoza shina mvua na baridi zikikutana, kwa hiyo huko ipande juu ya tuta lililoinuliwa au kwenye chungu. Watoto wasiitafune, kuwa asili ya dawa hakuifanyi salama mdomoni.

Jeraniamu ni rafiki wa mwenye bajeti ndogo kwa sababu hainunuliwi kwa lazima. Kata kijiti cha jirani chenye urefu wa kidole, kiache kivulini saa chache jeraha likauke, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, na baada ya wiki chache kina mizizi. Huhitaji kukatwa vichwa vilivyokauka ili iendelee kuchanua. Agapanthasi ni nzuri na hudumu miaka mingi, lakini inataka maji zaidi ya hizi zilizotangulia. Iweke mahali panapopata maji ya paa.

Wenyeji wa hapa

Mishubiri ndiyo maua ninayotamani kuyaona kwenye kila lango la Kajiado. Ule unaomea wenyewe kwenye tambarare hizi hutoa shada refu la maua mekundu ya matumbawe wakati mengine yote yamekauka, na chozi na nyuki huyafuata hapo. Wamaasai huuita osuguroi, na mizizi yake huingia katika utengenezaji wa pombe ya asali. Ukishaota hauhitaji maji yako isipokuwa kiangazi kikipindukia.

Ununue kitaluni, ulioanzishwa kwa vichipukizi au mbegu. Ukimkuta mtu anauza mishubiri mikubwa yenye mizizi iliyokatwakatwa na udongo wa nyikani bado umeing'ang'ania, muache nayo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji holela wa mishubiri ya porini kwa amri ya rais mwaka 1986, na biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Mmea uliong'olewa tambarare ili kupamba geti la mtu ni hasara ya malisho, ya nyuki na ya wote.

Adeniamu, au waridi la jangwani, ni mwenyeji wa sehemu kavu za Kenya. Shina lake nene huweka akiba ya maji, na maua yake ya waridi hayana mfano. Ni ghali kitaluni kwa sababu hukua polepole. Kwenye udongo mweusi huoza, na Julai ya Rongai huipukutisha majani kwa baridi. Mahali pake ni chungu chenye tundu, mchanga mwingi na kokoto, kilichoegemea ukuta unaopokea jua la mchana. Utomvu wake ni sumu. Wawindaji wa Afrika waliupaka kwenye mishale. Vaa glavu unapoikata. Taji la miiba, yuforbia ndogo ya Madagascar inayochanua karibu mwaka mzima, nayo ina utomvu unaowasha macho, ila ni rahisi zaidi kwa bei na haiogopi baridi sana.

Ya kuacha kitaluni

Lantana huuzwa kwa bei nafuu na huchanua kwa bidii. Iache. Majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi, ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu, na ng'ambo ya ukuta wako kuna malisho ya mtu, au Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Wafugaji wa Kajiado tayari wanahangaika na ipomea, kichaka chenye maua mazuri ya zambarau ambacho kimefunika nyasi kwenye eneo kubwa la malisho. Tusiwaongezee mzigo mwingine.

Oleanda haihitaji maji mengi, ni kweli, lakini kila sehemu yake ni sumu kali kwa watoto na mifugo. Haidrenjia na gadenia hutaka kivuli, unyevu na udongo wenye asidi. Kwenye udongo mweusi na maji ya kisima majani yake hugeuka manjano kwa kukosa madini ya chuma, na utatumia pesa za dawa bila kuona nafuu.

Ukikutana na ua usilolijua, uliza asili yake. Mimea ya nchi zenye kiangazi kirefu, kama Afrika Kusini, Madagascar na nyika zetu wenyewe, huelewa jua la huku. Ile ya misitu yenye ukungu itakudai maji kila jioni.

Siku ya kununua na mwezi wa kupanda

Mche uliokulia chini ya wavu wa kivuli utaungua siku ya kwanza kwenye jua wazi. Chagua uliowekwa nje, au ukifika nao nyumbani uuzoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Omba muuzaji akuonyeshe mizizi: ikiwa imejizungusha ndani ya karatasi kama kamba, mche umezeeka humo na utachelewa kushika. Usivutiwe na uliochanua kuliko wote. Mfupi wenye matawi mengi na machipukizi huanza maisha mapya kwa nguvu zaidi.

Rongai, panda mara mvua ya masika inapotulia kunyesha, mwishoni mwa Machi au Aprili. Baada yake huja Juni, Julai na Agosti zenye mawingu na baridi, maji hayakauki upesi, na mizizi hupata miezi kadhaa ya kuteremka kabla ya jua la Januari. Anayepanda Novemba hupata wiki chache tu kabla ya moto. Kitengela, ngoja mvua kubwa ipungue, mwishoni mwa Aprili au Mei, na upande juu ya tuta lililoinuliwa angalau sentimita 30. Usichimbe shimo kwenye mfinyanzi na kulijaza udongo mzuri. Shimo hilo litakuwa beseni la maji mvua ikirudi.

Tandaza kokoto au nyasi kavu za unene wa sentimita 5 juu ya udongo, mbali kidogo na shina. Maji ya kusuuza nguo yanafaa kwa bogenvilia na plumbago, mradi hayana dawa ya kung'arisha, na uyapishanishe na maji safi ili chumvi ya sabuni isijikusanye. Mwagilia mara chache na kwa wingi. Kikombe kimoja kila jioni hufunza mizizi kukaa juu, mahali ambapo jua huikuta kwanza.

Kwa mfuko wako

Mpangaji wa ploti asiyejua mwakani atakuwa wapi: vyungu vitatu, kimoja cha adeniamu au taji la miiba, viwili vya jeraniamu kutoka kwa jirani. Vyote vitahama nawe.

Mwenye nyumba Rongai penye mawe: bogenvilia moja ukutani, vinka na gazania chini yake, mishubiri langoni.

Mwenye nyumba Kitengela kwenye udongo mweusi: tumia pesa za kwanza kuinua tuta, kabla ya kununua hata mche mmoja. Kisha plumbago, gazania na mishubiri.

Mwenye ng'ombe, mbuzi au watoto wadogo: plumbago, gazania na jeraniamu, na vyungu vya mimea yenye utomvu wa sumu vikae juu, wasikofika.

Ukiwa na shilingi elfu moja tu mwaka huu, nunua samadi na mche mmoja wa bogenvilia, na vingine vyote uviombe kwa vijiti kwa majirani. Maji utakayookoa yana kazi: katika kaunti hii kisima kinachonywesha maua yetu mara nyingi ndicho kinachonywesha ng'ombe wa mtu mwingine, na bustani nzuri ni ile isiyomnyang'anya.